Msizime Mashine

Daktari alisubiri kando ya kitanda, katika hospitali ya Houston. Mama alikuwa akipumua kwa mashine, na mwili ulikuwa umevimba hadi pete ikazama kidoleni. Kanana, binti yake, alikuwa nesi na alijua Mama hataamka; daktari alingoja neno lake tu ili azime mashine.

Kwenye simu, mdogo wake wa kiume alikuwa akihema. Tangu asubuhi alikuwa akiendesha baiskeli katika vijiji vya India.

“Msizime mashine, dada. Nakuja Houston.”

“Umefika stesheni ya treni?”

“Bado, niko njiani. Mwambie Mama anisubiri.”

Kanana aliiweka simu kwenye sikio la Mama. Mnyororo wa baiskeli ulisikika ukikwaruza, mbuzi wakilia barabarani, na mdogo wake akimwita Mama huku akikanyaga pedali.

Kanana akamwitikia daktari kwa kichwa.