Kosa Halikuwa la Baruti

Mashine ya kupima kasi ilionyesha risasi zote tano zimekwenda karibu sawasawa. Orrin aliona kwamba baruti haikuwa na kosa. Kiangazi kizima pale Montana alizijaza baruti mwenyewe, akiipima punje kwa punje na kuilaumu, na bado matundu kwenye karatasi ya shabaha yalitawanyika.

"Hebu nipishe, mzee," mkewe alisema.

Alikaa nyuma ya bunduki, akafyatua mara tatu. Kwenye darubini, Orrin aliona matundu matatu yamegusana.

Akaiweka mikono yake mezani, asiifiche tena. Ilikuwa ikitetemeka.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza taratibu.

"Tangu Krismasi." Akamsogezea boksi la risasi. "Kulungu wa mwaka huu utampiga wewe."