Vifute Vyote

Mzee Nkuba alikuja shuleni kumsikiliza mkewe, na mkewe alikuwa amezikwa tangu masika.

Alisimama mlangoni na fimbo yake ya kuchungia. Binti yake, Ng'washi, akabonyeza kishikwambi. Ng'ombe aliowachora mwenyewe wakaanza kutembea kwenye kioo, na sauti ya mama yake ikatoka, ikiimba ule wimbo wa kuwarudisha ng'ombe zizini. Mzee akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, hicho kidude kisije kikapotea. Sauti yake nyingine hatuna."

Kidude chenyewe hakikuwa cha shule. Kililetwa na mradi, pamoja na vingine kadhaa, ili watoto wachore, warekodi na kutengeneza filamu zao. Mwalimu Veneranda, mtoto wa Kihesa asiyejua kununa, aliwafundisha bila kuwatisha. "Ukikosea, futa, anza upya," alizoea kuwaambia. "Kishikwambi hakina kinyongo." Siku moja Jofrey alilifuta trekta lake zima akalia mpaka kamasi zikamtoka, na darasa likamcheka wiki nzima.

Siku kadhaa zilipita tangu mzee aje, na sasa mradi ulikuwa umekwisha. Gari lingepita mchana huohuo kuvikusanya vifaa kuvipeleka Mafinga. Kuomba, Veneranda alishaomba. Kubembeleza kwenye simu, alishabembeleza. Kimoja tu, jamani! Watu wa mradi wakakataa. Ng'ombe wa maskini hazai.

Asubuhi hiyo, akinywa chai, ndipo akakumbuka kuwa kisimu cha batani cha Mzee Nkuba hupiga nyimbo kikitiwa memori kadi. Karibu amwage chai. Angenunua kadi, ainakili sauti ya marehemu, ampe Ng'washi aende nayo nyumbani. Hakumwambia mtoto kitu, alitaka kumshtukiza.

Darasani, vumbi la Rujewa na pumba za mashine ya mpunga ya jirani vilikuwa vimetanda juu ya vioo vyote. Aibu gani hii mbele ya wageni!

"Ng'washi mwanangu, nafika stendi mara moja. Wageni wako njiani. Vifute vishikwambi vyote."

Mtoto akamtazama. "Vyote, Mwalimu? Hata changu?"

"Chako kina nini cha ajabu? Vyote! Tutawarudishiaje vikiwa hivi?"

"Sawa, Mwalimu."

Ng'washi hakuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili.

Veneranda alikwenda nusu akikimbia. Akanunua kadi, hata chenji akaisahau, akarudi akihema huku ameifumbata kadi kiganjani. Getini hapakuwa na gari. Afadhali! Alimshukuru Mungu kwa sauti.

Ng'washi alikuwa amesimama kando ya meza, macho mekundu. Vumbi hilo, Veneranda alijisemea. Akakichukua kishikwambi cha binti, na kidole chake kikaacha mchirizi juu ya kioo.

"We Ng'washi! Muda wote huo hata kimoja hujakigusa? Ona vumbi lote hili!"

"Nimevifuta vyote, Mwalimu," mtoto alisema. "Changu nimekifuta mwisho. Nilimsubiri mama amalize kuimba."