Jeneza Chini ya Mierebi

Nilikuwa nimeshainua shoka Baba aliponidaka mkono.

"Miti hii imekukosea nini wewe?" aliuliza. "Mama yako hakupata kivuli maisha yake yote. Mwache apumzike."

Tulipomzika Mama, Philomène wa watu, uwanda huu wa mboji kando ya Mto Dehcho, huku kaskazini kwenye baridi kali, ulikuwa mtupu, na wajomba walivunja barafu ya ardhini kwa sululu ndipo kaburi likapatikana. Sasa mierebi ilikuwa imetupita kimo. Kila kipupwe ilizuia theluji isipeperushwe na upepo, theluji ikalilalia kaburi kama blanketi na kulikinga na baridi, na udongo wa chini haukuganda tena.

"Baba, hii miti ndiyo inayoyeyusha ardhi. Mama anazama."

"Hayo umeyatoa kwa wale wapima udongo waliopita hapa," akacheka. "Mama yako azame? Na ubishi wote ule?"

Akapiga hatua kuelekea msalabani, makusudi, ili nionekane mjinga. Ardhi ikaachia bila kelele, akaingia hadi kiunoni kwenye maji meusi.

Nikalala kifudifudi, nikamnyooshea mkono. Hakuushika. Alikuwa akipapasa chini ya maji, kisha uso wake ukabadilika.

"Nimegusa kishikio cha jeneza," alisema polepole. "Linateleza, mwanangu. Linashuka."

"Liachie, Baba! Nipe mkono!"

Maji yalimfika kifuani. Akazamisha na mkono wa pili.

"Kimbia ukawaite wajomba zako," alisema. "Mimi nimemshika."