Dhamana ya Mzee Shomari

Siku hizo mtu aliweza kuandikisha ahadi yake juu ya gari kama dhamana, na gari halikukubali mmiliki mpya mpaka ahadi itimizwe.

Bi Mwanajuma alikuwa akimwachia Tumsifu, nesi aliyemuuguza marehemu mumewe Shomari kwa upole, gari la mzee huyo. Walipogusa kadi ya gari kwa vidole ili kubadili mmiliki, gari likakataa.

“Kuna dhamana, bibi.” Tumsifu akasoma taratibu: “‘Mimi Shomari nitarudi kumchukua mke wangu.’”

“Shomari huyo! Hata kaburini hanyamazi,” bibi akacheka.

Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe. Kiti kikarudi nyuma, kama magoti mabovu ya bibi yalivyopenda. Bibi akapiga hatua aingie; Tumsifu akamshika mkono kumzuia.

“Niachie, mwanangu. Nipe mtandio wangu tu.”