Kizibo cha Baruti

"Kizibo kimoja cha baruti, mbuzi mmoja," alisema Sadala mwenye duka, macho chini. "Barabara imefungwa, shemeji. Baruti haiji."

Nyamizi aliikaza kamba ya mbuzi wake. Alikuwa naye huyo tu. Juzi mumewe, Kashindye, alisimama hapahapa akaikataa bei hiyohiyo. Akarudi nyumbani, akaigawa baruti iliyobaki mafungu mawili ili apate kupiga mara mbili. Porini gobore likakohoa tu, na nguruwe mwitu, akiwa na jeraha dogo, akamgeukia na kumrarua.

Sasa Kashindye alikuwa ndani ya jeneza kando ya kaburi, na katika mji ule mwindaji hashushwi mpaka bunduki yake ilie mara ya mwisho.

"Chukua nusu kizibo," Sadala alisema, sauti imelainika. "Si ya mlio tu? Mbuzi baki naye, utaniletea kuku."

Nyamizi alimtazama.

"Nusu ndiyo iliyomuua," alisema, akamwachia kamba.

Makaburini aliishindilia baruti yote mwenyewe, akaelekeza mtutu juu, akafyatua. Mlio ukatetemesha vifua vya watu.

Mbwa wa Kashindye, aliyelala kando ya jeneza tangu asubuhi, aliruka akasimama. Kisha akatimka kuelekea porini, kama alivyofundishwa, kutafuta kilichoangushwa na bwana wake.

Wanaume wakashika kamba za jeneza. Nyamizi akainua mkono.

"Ngojeni," alisema. "Mbwa hajarudi."