Nafasi Moja Chuo cha Sheria

Enzi wanyama walipokuwa wakisomea sheria, chuo chao kilibakiza nafasi moja, na waombaji walikuwa wawili. Chiriku, msemaji hodari, alikuwa amekariri vifungu vyote. Digidigi, mwenye haya, alikuwa ameshakataliwa mara tatu, na chuo hakikumruhusu mtu kuomba mara ya tano.

Mwalimu Korongo akawauliza, "Leo asubuhi Kenge ameniibia mayai. Mnamhukumu vipi?"

"Kifungu cha tisa!" Chiriku akadakia. "Jela miaka saba!"

"Na wewe, binti, umemeza ulimi?"

Hii ilikuwa mara ya nne na ya mwisho kwa Digidigi. Akimuudhi mwalimu, basi tena. "Samahani, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "Kenge mwenyewe amesemaje?"

"Kwani mimi mwongo?"

"Hasha, mwalimu. Ila nimesikia upande mmoja tu."

Korongo akacheka mpaka shingo ikapinda, akamwita karani aje kumwandikisha Digidigi. Karani akatokea chumba cha pili na daftari kwapani. Alikuwa Kenge, na hakuna yai lililoibwa.

"Jamani, na mimi niliyekariri vyote?" Chiriku akalia.

"Tumekusikia, bwana," Kenge akamjibu taratibu. "Wewe ndiye hukutaka kunisikia."