Chura na Ada ya Ukumbusho

Palikuwa na Chura mwenye sauti kubwa na akiba ndogo. Siku moja alichota kumbikumbi wake aliowaweka katika ghala la Fuko, akazidisha konzi moja juu ya akiba yake. Tangu hapo Fuko alimjia kila asubuhi.

"Ndugu Chura, unadaiwa. Na kukukumbusha ni konzi moja."

Deni likafura, hata Fuko akalitaka dimbwi lenyewe alimoishi Chura.

"Kumbe kukumbusha kunalipiwa?" Chura akauliza.

"Sheria ni ya wote, bwana!"

Mvua iliponyesha, Chura akaita ukoo mzima mlangoni kwa Fuko. Wakapaza sauti: "Fuko, unamdai Chura! Fuko, unamdai Chura!"

Fuko akatoka mbio, ameziba masikio. "Basi, jamani! Deni nimelisamehe!"

"Ahsante, bwana mkubwa," Chura akacheka. "Sasa fungua ghala, kila mkumbushaji anataka konzi yake."